Msamiati wa Siasa katika Magazeti ya Kiswahili: Uwanja wa Utafiti wa Uzamivu

Mtafiti wa uzamivu katika mawasiliano ya kisiasa nchini Tanzania mara nyingi huanza na nadharia ya upangaji wa ajenda, iliyotolewa na McCombs na Shaw mwaka 1972. Nadharia hiyo huuliza jinsi vyombo vya habari vinavyowaelekeza wasomaji kuhusu mambo ya kufikiria. Haiulizi maneno ya kuyafikiria mambo hayo yametoka wapi. Kwa mtafiti wa gazeti la Kiswahili, swali hili la pili ndilo zito zaidi, nalo bado lina nafasi kubwa ya kutafitiwa.

Neno fisadi ni mfano mzuri. Kwa muda mrefu lilimtaja zaidi mwasherati au mharibifu. Baada ya mkutano wa hadhara wa Mwembeyanga, Dar es Salaam, Septemba 2007, ambapo upinzani ulisoma orodha ya viongozi uliowatuhumu kujinufaisha kwa mali ya umma, neno hilo lilienea magazetini likiwa na maana ya mla mali ya umma. Je, waliolisukuma ni wanasiasa, au ni wahariri waliohitaji neno fupi la kichwa cha habari? Hapana budi jibu litafutwe toleo kwa toleo.

Kung'atuka kulipita njia nyingine. Neno hilo la Kizanaki lilienezwa na Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, wakati redio ilikuwa ya serikali na gazeti la Uhuru lilikuwa la chama. Lilitoka jukwaani likiwa na mwenyewe. Fisadi, kwa upande wake, lilipita katika magazeti mengi ya binafsi yaliyoshindana. Kuyalinganisha maneno haya mawili ni kuilinganisha mifumo miwili ya habari, na hiyo peke yake yatosha tasnifu.

Tasnifu hiyo ikiandikwa kwa Kiingereza, data yenyewe hupotea katika tafsiri. Heri iandikwe kwa Kiswahili, kama baadhi ya idara zinavyoruhusu.

Lililo gumu ni muda. Karatasi za magazeti kama Ngurumo, lililochapishwa kuanzia 1959 hadi 1976, zinachakaa, lakini nakala zilizohifadhiwa zaweza kungoja mwaka mmoja zaidi. Wahariri wa zama hizo wamekwisha kuwa wazee sana. Kwa hiyo ratiba ya kawaida, inayotanguliza maktaba na kuacha mahojiano mwishoni, haifai hapa; mahojiano yaanze mwaka wa kwanza, hata kabla ya sura ya nadharia kukamilika.