Rimu Zing'aazo na Ufa Usioonekana

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nieleze jambo lililotupata nyumbani wakati wa likizo ya Desemba. Ndani yake mna somo la Fizikia na somo la Hesabu, na juu ya hayo mna somo jingine ambalo mimi mwenyewe nililipata kwa aibu. Darasani masomo hayo twayasoma kwa Kiingereza, lakini nimependa kuyaandika kwa Kiswahili ili na wazee wetu nyumbani wafaidike.

JINSI MAMBO YALIVYOANZA

Mjomba wangu anakaa Morogoro, naye ni mfanyabiashara wa nafaka. Kwa muda wa miaka sita alikuwa akiweka akiba kidogo kidogo ili anunue motokaa. Siku alipokwenda Dar es Salaam kuinunua alinichukua pamoja naye, akasema, "Mpwa wangu, wewe u msomi, twende ukanisaidie kutazama."

Dalali alituonyesha motokaa mbili zilizokwisha tumika. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida tu, rangi yake imechujuka, na rimu zake za chuma zimejaa vumbi. Ya pili ilikuwa Toyota Altezza nyeupe. Vijana wenzangu wengi waijua motokaa hii ya spoti: ina milango minne, injini ya lita 2, na husukumwa na magurudumu ya nyuma. Ilitengenezwa Japani tangu mwaka 1998 mpaka 2005, na katika nchi nyingine iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote ina umri usiopungua miaka 20.

Lakini mimi sikutazama umri. Nilitazama rimu za aloi za inchi 17 ambazo mwenyewe wa kwanza alizifunga badala ya zile ilizokuja nazo kutoka kiwandani. Ziling'aa hata niliuona uso wangu ndani yake. Mjomba alikuwa ameielekea ile ya kwanza. Mimi ndimi niliyemvuta mkono, nikamwambia, "Mjomba, tazama rimu zile! Motokaa iliyotunzwa hivyo haiwezi kuwa mbovu." Mjomba akacheka, akatoa fedha. Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami sikukumbuka kujiuliza kwa nini dalali alizipaka mafuta rimu zile asubuhi ileile.

Njiani kurudi Morogoro usukani ulitetemeka kila tulipofika mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Dalali alikuwa ametuambia mapema kwamba ni balansi tu. Jioni tulipima upepo wa gurudumu la mbele la kushoto tukapata 32. Asubuhi tulipopima tena tulikuta 18. Fundi pancha alilitia tairi majini, asione msumari wala tundu. Akasema, "Mzee, tutie tyubu ndani, yaishe." Alipofungua na tairi la mbele la kulia ili alitazame, akapiga mbinja. Kumbe ndani mlikuwa na tyubu tayari!

Hapo mjomba akanyamaza. Tairi hili halikuumbwa kutumia tyubu. Upepo wake huzuiwa na tairi lenyewe likibana juu ya ukingo wa rimu. Mtu akitia tyubu ndani ya tairi la namna hiyo, mara nyingi kuna jambo analolificha. Tyubu huzuia upepo usitoke, lakini haiuponyi ufa. Huufunika tu, mfano wa mtu kuvaa kanzu nyeupe juu ya kidonda.

RIMU YA ALOI NI KITU GANI?

Aloi ni mchanganyiko wa madini. Rimu nyingi za namna hii ni alumini iliyochanganywa na silikoni, kiasi cha sehemu 7 katika 100, pamoja na magnesi kidogo sana. Alumini huyeyuka kwa joto la nyuzi 660 za Selsiasi, na ile silikoni huifanya itiririke vizuri katika kalibu. Baada ya kusubuliwa, rimu huchomwa tena mpaka karibu nyuzi 540, ikatumbukizwa majini ghafula, kisha ikaokwa kwa saa kadhaa katika joto la chini zaidi. Nguvu ya rimu yatokana na matendo hayo ya moto na maji. Msomaji alikumbuke jambo hili, maana nitalirudia.

Kwa nini watu hupenda alumini? Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa gramu 7.8, na ya alumini ina gramu 2.7. Ukigawanya, utaona chuma kimeizidi alumini karibu mara tatu. Kweli, rimu ya aloi hufanywa nene zaidi ili iwe na nguvu, kwa hiyo tofauti ya rimu na rimu si kubwa kiasi hicho. Hata hivyo gurudumu jepesi hufuata barabara vizuri, na breki hupoa upesi kwa sababu alumini hupitisha joto kuliko chuma.

KWA NINI HUPASUKA?

Rimu ya chuma ikipiga shimo hupinda. Rimu ya aloi ya kusubu haina subira hiyo: hupinda kidogo, kisha hupasuka. Na ufa huanza mara nyingi upande wa ndani, ule usioonekana na mpita njia. Sababu yake ni kwamba miguu ya rimu imeshika upande wa nje, na ule ukingo wa ndani umesimama peke yake, kama mdomo wa sufuria ulio mbali na kitako.

Tena matairi ya motokaa za spoti ni membamba ubavuni. Tairi letu liliandikwa 215/45R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Basi kimo cha ubavu ni 215 × 0.45, yaani karibu milimita 97. Huo ndio mto wote uliopo baina ya rimu na ukingo wa shimo. Upepo ukipungua, mto huo hubonyea, na rimu hupigwa na barabara yenyewe.

Ufa ukisha anza, haukai mahali pamoja. Kipenyo chote cha gurudumu letu kilikuwa milimita 625 hivi, na mzingo wake karibu mita 1.96. Kwa hiyo katika kilomita moja gurudumu huzunguka mara 509 hivi. Kutoka Morogoro mpaka Iringa ni kilomita 300 hivi. Zidisha, utapata zaidi ya mara 150,000. Kila mzunguko huufungua ufa na kuufunga, kama mtu anayekunja waya huku na huku mpaka ukatike. Na njia hiyo, wenzangu mnaoipita mwajua, ina matuta ya Mikumi na makona ya mlima Kitonga.

JARIBIO LA CHAKI NA MAFUTA YA TAA

Katika Kidato cha Kwanza tulifundishwa kwamba kimiminika hupenya chenyewe katika mwanya mwembamba. Mafuta ya taa hupenya vizuri sana, na njia hii ya kuyatumia pamoja na chaki kutafuta nyufa ni ya mafundi wa zamani. Nilimwomba mjomba ruhusa, naye akaniambia, "Haya, msomi, tuonyeshe." Nilifanya hivi:

Kwanza, tairi likiwa limekwisha tolewa, niliiosha rimu kwa sabuni na kuikausha, na mahali nilipopashuku niliparua rangi, kwa kuwa rangi huziba ufa.

Pili, nilisaga chaki, nikaichanganya na maji, nikapaka upande ule usioguswa na upepo wa tairi, nikaacha ikauke mpaka ikawa nyeupe.

Tatu, upande wa pili, unaokaa ndani ya tairi, nilipaka mafuta ya taa kwa brashi. Jambo hili lifanywe uwanjani, mbali na moto wowote.

Nne, nilingoja nusu saa.

Msitari mweusi mweusi ulijitokeza katika ile chaki, polepole, kana kwamba mtu asiyeonekana anauchora. Urefu wake ulikuwa vidole vinne. Rimu ya kulia ilitoa msitari mrefu zaidi, na kando yake tuliona uvimbe wa kuchomelea uliopakwa rangi ya fedha. Ilikuwa imekwisha chomelewa zamani, ikapasuka tena ubavuni mwa kiungo. Baadaye mafuta yote yalioshwa kwa sabuni, maana huharibu mpira.

Sikufurahi kwa kufaulu jaribio langu. Nilimtazama mjomba, naye alikuwa akiitazama rimu, wala hakunilaumu hata kwa neno moja. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

JE, YAFAA KUCHOMELEA?

Fundi alisema ataichomelea kwa bei isiyofika hata robo ya bei ya tairi moja jipya. Mjomba aliyapenda maneno hayo, kwani fedha iliyobaki nyumbani ilikuwa ya mabati ya nyumba ya bibi.

Lakini kumbukeni yale niliyosema juu ya moto na maji. Mchomeleaji akiyeyusha sehemu moja ya rimu, joto huenea kando ya kiungo na kuiondoa ile nguvu iliyopatikana kiwandani. Kiungo chenyewe chaweza kuwa kigumu, lakini pembeni mwake huwa laini. Tena viputo vya hewa vyaweza kubaki ndani, na ncha ya ufa isipoondolewa yote huendelea na safari yake. Rimu ya kulia ilikuwa ushahidi mbele ya macho yetu.

Mjomba aliniuliza, "Mpwa wangu, nikiichomelea, wewe na mdogo wako mtapanda nami kwenda shuleni?"

Si desturi yetu mtoto kumpinga mkubwa wake, na tena mimi ndimi niliyeleta mkosi ule. Nilikaa kimya kitambo, kisha nikasema, "Mjomba, niwie radhi. Sitapanda, wala sitaki na wewe upande."

Akaitikia kwa kichwa. Mabati yakangoja.

HESABU YA RIMU NYINGINE

Tulitafuta rimu nne za chuma za inchi 16, zenye matundu matano ya nati kama zetu, yaliyo katika duara la kipenyo cha milimita 114.3, na matairi ya 205/55R16. Je, kimo cha motokaa hakitabadilika? Tuhesabu: 205 × 0.55 ni karibu milimita 113. Mara mbili, jumlisha inchi 16 ambazo ni milimita 406, utapata karibu 632. La kwanza lilikuwa 625. Tofauti ni kama asilimia moja tu, kwa hiyo hata saa ya mwendo haidanganyi sana. Na mto umenenepa kutoka milimita 97 mpaka 113. Kabla ya kulipa tulifunga rimu moja na kuizungusha kwa mkono, tuone kama haigusi breki.

Mtu mmoja alikuja kutaka kuzinunua zile rimu mbili zilizopasuka, kwa bei nzuri, ili azing'arishe. Mjomba alichukua nyundo akazivunja kwanza, kisha akaziuza kwa kilo kama vyuma chakavu. Alipata fedha kidogo sana. Akaniambia, "Mtoto wa mtu mwingine naye atapanda."

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwa mzazi au ndugu anayetaka kununua motokaa iliyotumika, natoa mashauri haya machache:

1. Linganisha namba ya chesesi na kadi ya motokaa kabla ya kulipa hata senti moja.

2. Omba jeki. Inua kila gurudumu, lizungushe, utazame upande wa ndani kwa tochi. Rimu iliyopinda huyumba.

3. Uliza waziwazi kama kuna tyubu ndani. Pima upepo jioni, upime tena asubuhi.

4. Rimu zilizotengenezwa kwa kufuata kanuni za Japani huwa na herufi JWL. Zetu hazikuwa na alama yoyote.

5. Soma tarakimu nne za mwisho katika alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019.

6. Ukifunga rimu, kaza nati kwa kukingamisha, usifuate duara. Ukaze tena baada ya kilomita 100 hivi.

7. Usukani ukitetemeka, usikubali neno "balansi" mpaka uone kwa macho yako.

Mwezi wa Januari tuliupanda mlima Kitonga salama, mimi, mdogo wangu, na mjomba, juu ya rimu nyeusi za chuma ambazo hakuna kijana hata mmoja aliyegeuka kuzitazama. Bibi bado angojea mabati yake, nami nimemwahidi kwamba likizo ijayo nitafanya kazi ghalani kwa mjomba mpaka yapatikane. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi tukikinunua, tukigeuze kwanza.

Mwanafunzi, Kidato cha IV