MUNGU NI MFALME: MAANA YAKE NINI?



Katika somo la dini twasikia mara nyingi ya kuwa Mungu ni Mfalme. Neno hili ni jepesi kulisema, lakini kulifahamu si kazi ndogo. Wengi wetu huanza na wafalme wa dunia, wenye askari, kodi na ngoma, kisha husema kwamba Mungu ni kama hao, ila ni mkubwa zaidi. Mimi naona njia hiyo yatupoteza, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Kwanza, tutazame Agano la Kale. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 8, wazee wa Israeli walitaka wawekewe mfalme kama mataifa mengine. Mungu akamwambia nabii Samweli ya kwamba hawakumkataa nabii, bali wamemkataa Mungu asiwatawale. Samweli akawaonya: mfalme atawatwaa vijana kwa vita na binti kwa kazi za jikoni, atachukua mashamba mazuri, na sehemu ya kumi ya mavuno na mifugo. Hawakusikia, wakapewa Sauli. Lakini mfalme huyo hakuwekwa juu ya sheria. Hata Daudi, alipomtwaa mke wa Uria na kumwulisha mumewe, alikemewa na nabii Nathani uso kwa uso. Basi ufalme wa Mungu haukuwa pambo la mtawala. Ulikuwa mizani ya kumpimia.

Pili, Agano Jipya. Makutano waliposhiba mikate walitaka kumtawaza Yesu kwa nguvu. Akaondoka akaenda mlimani peke yake. Aliingia Yerusalemu juu ya punda, si farasi wa vita. Usiku wa mwisho aliwaosha wanafunzi wake miguu, kazi ya mtumwa. Askari walimvika taji ya miiba, wakamsujudia kwa dhihaka. Wakristo huamini ya kuwa dhihaka ile ilitamka kweli, ingawa waliosema hawakujua.

Yesu alimwambia Pilato kwamba ufalme wake hautoki katika dunia hii. Je, maana yake hauna habari na dunia? La. Mwaka 1925 Papa Pius wa 11 aliweka sikukuu ya Kristo Mfalme, akafundisha ya kuwa watawala pia wako chini ya enzi hiyo.

Mfano ulio karibu nasi ni Buganda. Kati ya mwaka 1885 na 1887, Kabaka Mwanga aliwaua Wakristo vijana wengi, Wakatoliki na Waanglikana. Karoli Lwanga alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Wengi wao walikuwa watumishi katika jumba la mfalme. Hawakushika silaha wala hawakutamani kiti chake. Walikataa kuiacha imani yao tu.

Lakini historia haikuishia hapo. Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana huko Mengo, wakigombea mamlaka. Pande zote mbili zilimkiri Kristo kuwa Mfalme! Hapa ndipo ninapoona hatari. Neno lile lile lililowapa vijana wa Namugongo ujasiri wa kufa, laweza kutumiwa na mtu mwingine kuwa bendera ya kuua.

Tutapambanuaje basi? Kwa maoni yangu, tuulize swali moja: huyu amtajaye Mungu Mfalme, ajiweka mwenyewe chini ya mizani, au awaweka wenzake tu? Daudi alipokemewa alikubali kosa lake. Swali hili lamfaa mtawala wa nchi, lamfaa padre na mchungaji, tena lamfaa kiranja wa bweni mwenye daftari la majina mkononi. Anayemkiri Mfalme aliyeosha miguu, na atazame kwanza mikono yake inafanya nini.