Mti Mkavu Nao Una Wenyewe



Mti ukikauka msituni, sisi twauita kuni. Mwenye msitu wa Sweden au Finland naye huuona ni mali itakayooza bure asipoiondoa mapema. Katika somo hili tujifunze jinsi watu wa nchi hizo mbili za kaskazini ya Ulaya walivyolazimika kulifikiri upya jambo hilo, maana lahusu riziki ya watu na uhai wa viumbe pamoja.

1. Msitu kama shamba

Zaidi ya nusu ya ardhi ya nchi hizo ni misitu, mingi ikiwa ya misonobari na jamaa zake. Karibu nusu ya misitu ya Sweden ni mali ya watu binafsi na jamaa zao. Kanisa la Sweden nalo ni mmoja wa wenye misitu wakubwa. Tangu sheria ya mwaka 1903, akataye miti hana budi kuhakikisha kwamba mingine inaota mahali pake. Mti huchukua miaka 60 hadi 100, au zaidi, kabla ya kukatwa. Basi apandaye huwapandia wajukuu.

2. Kilichopotea

Sheria hiyo ilisaidia sana, na miti imeongezeka. Lakini wingi wa miti si wingi wa viumbe. Miti ya umri mmoja ikikatwa yote kwa pamoja kabla ya kuzeeka, haiachi magogo ya kuoza. Wataalamu wa Finland wamekadiria kwamba kiasi cha robo ya aina za viumbe wa misituni, yaani zaidi ya 4,000, hutegemea miti iliyokufa: kuvu, wadudu, na ndege pia. Yuko kigogota mwenye mgongo mweupe, atafutaye mabuu katika miti mikavu ya majani mapana. Huko Sweden amekaribia kutoweka kabisa.

3. Njia ya kati

Mwaka 1993 Bunge la Sweden liliamua kwamba mavuno ya misitu na hifadhi ya viumbe viwe na uzito sawa. Siku hizi, akataye msitu huacha baadhi ya miti ikiwa hai, huacha magogo ya zamani yalale, na hukata miti michache juu sana ili vibaki visiki virefu vya kukaliwa na wadudu na ndege.

Hata hivyo, kila jambo lina kiasi chake. Misonobari ya aina ya sprusi iliyoanguka karibuni huzaa wadudu wa magome, ambao wakizidi huua miti mizima. Baada ya ukame wa mwaka 2018 waliharibu misitu mingi. Ndiyo maana sheria ya Sweden haikubali mwenye msitu aache zaidi ya mita za ujazo 5 kwa hekta za misonobari mibichi iliyoanguka. Gogo lililokauka zamani halina hatari hiyo.

4. Nani alipe?

Hapa ndipo penye ugumu. Gogo linaloachwa ni fedha inayoachwa, na huenda fedha hiyo ingemsomesha mtoto. Tangu mwaka 2008 Finland ina mpango uitwao METSO: mwenye msitu hutoa kipande chake kwa hiari, na serikali humlipa fidia. Wapo wasemao vipande hivyo ni vidogo mno. Wapo wasemao serikali isiingilie shamba la mtu. Sisi twaona si haki mtu mmoja abebeshwe mzigo wa faida ya wote. Lakini pia si haki kizazi kimoja kivune mpaka gogo la mwisho, kwa kuwa kiumbe aliyetoweka hapandwi kama mche.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini miti yaweza kuongezeka, na viumbe wakapungua?
2. Kwa nini gogo bichi na gogo la zamani havitendewi sawa?
3. Ungekuwa wewe mwenye msitu, ungeacha nini bila kulipwa, na nini ungeomba fidia?