Damu ya Baba, Damu ya Mama

Si kila ndoa hutikiswa na ulevi au uzinzi. Nyingine huanza kutikisika kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa.

Tuchukue mfano wa nyumba moja kando ya Ziwa Victoria. Mtoto wa kwanza alizaliwa akiwa na afya njema. Alipofikisha miezi saba, mikono na miguu ikavimba, akawa analia usiku kucha. Macho yakageuka manjano. Kila baada ya majuma machache mama humbeba kwenda hospitali, na kila mara huambiwa, "Mtoto hana damu ya kutosha." Mama mkwe anasema, "Katika ukoo wetu hatujaona ugonjwa kama huu. Umekuja na huyu mwanamke." Majirani wananong'ona habari za chira. Naye baba anaanza kuchelewa kurudi nyumbani.

Bibi huyu amehukumiwa bila kosa. Leo tujifunze jambo ambalo lingeweza kuiokoa nyumba yake.

Kupungukiwa damu ni nini?

Ndani ya damu mna chembe nyekundu zenye himoglobini, ambayo huchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Himoglobini ikipungua, mtu huchoka upesi, moyo humwenda mbio, hupata kizunguzungu, na viganja vyake hupauka.

Mara nyingi kwetu sababu ni chakula kisicho na madini ya chuma ya kutosha, malaria, minyoo, hedhi nzito au mimba zinazofuatana upesi. Upungufu wa namna hii hutibika. Nyama, omena, maharagwe na mboga za majani husaidia, hasa vikiliwa pamoja na matunda kama machungwa. Chai inywewe baadaye, kwa maana ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupokea madini hayo.

Lakini kuna upungufu wa damu ambao mtu huzaliwa nao. Unaojulikana zaidi kwetu ni selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Chembe za damu, badala ya kuwa mviringo na laini, hujikunja kama mundu. Hukwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa. Tena hufa mapema: chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini hizi huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo sababu damu ya mtoto huyu haitoshi.

Hutoka kwa nani?

Kila mtu hupokea sehemu mbili za urithi wa himoglobini, moja kwa baba na moja kwa mama. Ile ya kawaida huitwa A, na ya selimundu huitwa S. Mwenye AA hana ugonjwa. Mwenye AS huubeba tu. Kwa kawaida ni mzima, hulima na kuzaa bila kujua lolote. Mwenye SS ndiye mgonjwa.

Basi mtoto awe na SS, ni lazima apewe S na baba na S na mama. Hakuna namna mama peke yake amletee. Na neno "kwetu hakuna ugonjwa huu" si ushahidi, kwa sababu S yaweza kupita kimya toka babu hadi mjukuu.

Wazazi wote wawili wakiwa AS, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne za kupata mbebaji kama wao, na moja kati ya nne ya kupata mtoto asiye na S kabisa. Tusidanganyike kwamba wa kwanza akiugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mimba kura hupigwa upya.

Si laana

Mwaka 1949 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Karibu na Pwani na Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba S. Katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Mwaka 1954 alitoa ushahidi wa sababu yake: mwenye AS hukingwa kwa kiasi fulani dhidi ya malaria kali. Kumbe kitu hicho hicho kinachotuliza leo kiliwaokoa wengi wa babu zetu walioishi penye mbu. Je, hiyo ni laana?

Kwa wachumba

Pimeni damu mapema, kabla ya mahari na kabla ya ndoa kutangazwa kanisani. Mwambieni daktari mnataka kipimo cha selimundu. Kujua kundi la damu, kama O au B, hakutoshi. Hilo ni jambo jingine.

Na mkikuta nyote ni AS? Kanisa haliwakatazi kuoana. Kubeba S si kizuizi cha ndoa. Lakini kaeni chini, mzungumze na daktari, mzungumze na padre wenu, msali, mwamue mkiwa macho wazi. Wanaoachana kwa amani baada ya kufikiri hawajatenda dhambi. Wanaooana wakijua, wamechukua msalaba wao kwa hiari.

Kinachovunja ni kuficha. Kanuni ya 1098 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yasema kwamba mtu akidanganywa kwa hila ili akubali kuoa au kuolewa, kuhusu hali ya mwenzake iwezayo kuvuruga vibaya maisha ya ndoa, ndoa hiyo si halali. Kila shauri huamuliwa na mahakama ya Kanisa, lakini onyo ni wazi. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa mliokwisha kuoana

Mtoto mwenye selimundu aweza kukua, kusoma na kufanya kazi, akitunzwa vema. Anywe maji mengi, asipigwe na baridi, alale ndani ya chandarua, na apate chanjo zote. Daktari atampa vidonge vya foliki, dawa ya kuzuia malaria, na penisilini kila siku akiwa mdogo. Msimpe vidonge vya madini ya chuma bila kupimwa. Akipata homa, akihema kwa shida, au upande mmoja wa mwili ukilegea, msingoje asubuhi: mpelekeni hospitali mara moja.

Ulizeni pia juu ya dawa ya haidroksiurea. Matokeo ya utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Uganda na hapa Kenya, Kilifi, yalitolewa mwaka 2019. Watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu, na hata vifo. Sala ni nguzo yetu, lakini anayewaambia mtupe dawa ili aponye kwa maombi anawapotosha.

Wenye sababu nzito ya kuahirisha mtoto mwingine wanaweza kufuata njia za asili za kupanga uzazi, ambazo Kanisa hufundisha. Hilo ni shauri la wawili, si mzigo wa mke.

Turudi kwenye ile nyumba. Dawa ya kwanza pale ni baba kwenda kliniki pamoja na mkewe, wapimwe wote wawili, kisha asimame mbele ya mama yake na kusema, "Mama, ugonjwa huu umetoka kwangu pia." Maneno hayo hayatamponya mtoto, lakini yatamrudishia mama yake heshima, na mtoto atakuwa na wazazi wawili wa kumshika mkono usiku wa maumivu.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Je, sisi wawili tumepimwa? Kama bado, tunaogopa nini?
2. Mtoto akiugua, jamaa zetu humlaumu nani kwanza?
3. Jumuiya yetu yaweza kuisaidiaje familia yenye mtoto wa selimundu?