Niliyojifunza Nikiwa Dada wa Mtumiaji wa Unga

Mdogo wangu alitumia unga, yaani heroini, kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam. Sasa yuko kwenye methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, na familia nyingi huniuliza tulifanyaje. Nawajibu kwa haya.

1. Malezi peke yake hayaelezi kitu

Aliovuta nao kijiweni hawakunasa wote. Yeye alikuwa na mengi yaliyomkalia vibaya. Baba yetu mdogo alikuwa mlevi wa kupindukia, na uraibu hufuata damu: wataalamu hukadiria kuwa karibu nusu ya hatari hutokana na urithi. Alianza sigara na bangi angali shuleni, wakati ubongo wa kijana bado unakomaa. Kisha mama akafariki, na matanga yalipokwisha hakuna aliyekaa naye kumsikiliza. Unga nao haukuwa mbali. Heroini ya Afghanistan huvushwa Bahari ya Hindi kwa majahazi, na sehemu ya mzigo hubaki kwetu pwani, Mombasa, Unguja na Dar. Majirani waliosema "hawakumfunza adabu" walikuwa wanatuumiza bure.

2. Arosto ni ugonjwa

Arosto ni mateso ya kukosa unga: kamasi, kuharisha, jasho na baridi kwa pamoja, mifupa kuuma. Huanza saa chache tu baada ya kete ya mwisho. Kumfungia mtu chumbani kunaweza kumkausha maji mwilini, na hata akivuka siku za arosto, hamu haijaondoka.

3. Methadoni ni tiba

Hospitali ya Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, kisha vituo vingine vikafuata. Mjomba alishikilia kwamba tunabadilisha ulevi kwa ulevi. Lakini heroini humpandisha mtu na kumwangusha mara kadhaa kwa siku, na kila mara lazima pesa ipatikane. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu, na humshikilia siku nzima bila arosto wala kulewa, dozi ikiwa sawa. Wapo wanaoihitaji kwa miaka, na hilo si aibu. Kinachowaangusha wengi ni nauli ya kila asubuhi. Mwenye kutaka kusaidia aanzie hapo.

4. Aliyekwisha kuacha ndiye wa kuchungwa zaidi

Hili ningependa kila mzazi alijue. Kijana wa mtaa wa pili alirudi kutoka soba hausi, nyumba ya wanaoacha unga, akiwa amenawiri, nyumbani wakapika pilau. Wiki hiyohiyo alikutwa amefariki. Mwili unaokaa bila unga hupoteza uzoefu wake. Kiasi alichokizoea zamani sasa kinatosha kuzima pumzi. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetoka jela au wodini.

Kwa hiyo sisi tulimwambia mdogo wetu waziwazi: tunataka uache, lakini ukiteleza, usiwe peke yako, na utupigie saa yoyote, hakuna atakayekufukuza. Wako walioona tunampa ruhusa. Mimi namtaka hai, kwa sababu aliye hai anaweza kurudi kwenye dawa kesho. Tulijifunza pia dalili: midomo kuwa ya bluu, kukoroma kusiko kwa kawaida, kuitwa asiitike. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na useme wazi ametumia nini, maana ipo dawa ya naloksoni inayorudisha pumzi ikiwahi.

5. Anahitaji kazi na salamu za kawaida

Siku moja aliniambia, "Dada, kila mtu ananiuliza kama nimeacha. Hakuna anayeniuliza kama nimekula." Tangu hapo nyumbani tunazungumza naye habari za mpira, kodi ya nyumba, watoto.

Fundi seremala mmoja alimpokea akijua kila kitu, wakakubaliana aripoti saa nne, akishakunywa dawa. Mafundi na waajiri wengine nawaomba wapange saa zao hivyo. Kwenye foleni ya methadoni ya kila asubuhi kuna wapaka rangi, mafundi umeme na madereva ambao hawajapata wa kuwapokea.