SOMO: KURA YA WENGI NA HAKI YA KILA MMOJA



Katika somo hili tunatazama jinsi mkataba wa mishahara unavyoidhinishwa nchini Australia, chini ya Sheria ya Kazi ya Haki ya mwaka 2009. Wenzetu wa kule wakishapatana na mwajiri, mkataba bado hauna nguvu. Kuna hatua tatu.

Kwanza, mwajiri lazima aeleze masharti ya mkataba kwa namna ambayo wafanyakazi wake wataelewa, wakiwemo vijana na wageni wa lugha.

Pili, wafanyakazi wanaohusika hupiga kura. Mkataba hupita ukipata zaidi ya nusu ya kura halali zilizopigwa.

Tatu, mkataba hupelekwa mbele ya Tume ya Kazi ya Haki. Tume huuliza: Je, wafanyakazi walikubali kwa kweli? Na je, kila mfanyakazi atakuwa na hali bora, kwa jumla, kuliko akilipwa kwa viwango vya chini vya sekta yake?

Neno zito hapo ni "kila". Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kiwango cha sekta ni dola 30 kwa saa, na Jumapili dola 45. Mkataba mpya unatoa dola 32 siku zote. Anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa anaongezewa dola 2 kila saa. Anayefanya kazi Jumapili tu anapoteza dola 13 kila saa. Wa kwanza wakiwa wengi, kura itapita, na mwenzao ataumia.

Jambo la namna hiyo lilitokea katika maduka ya Coles. Mkataba ulikubaliwa na chama, ukapigiwa kura, ukaidhinishwa mwaka 2015. Mfanyakazi mmoja wa saa chache akakata rufani. Mwaka 2016 jopo la Tume likaona kwamba baadhi ya wafanyakazi wa jioni na wa mwisho wa juma wangepata pungufu. Mkataba ukaanguka, na ule wa mwaka 2011 ukaendelea kutumika.

Mkataba ukiidhinishwa huanza baada ya siku 7, au tarehe ya baadaye iliyoandikwa ndani yake. Muda wake hauzidi miaka 4, lakini ukipita mkataba haufi: hutumika mpaka ubadilishwe au ufutwe kisheria.

Tunajifunza nini? Tume ni mlinzi wa mlangoni, lakini hesabu ni kazi ya chama, tena kabla ya kura. Tusitazame mshahara wa walio wengi peke yao. Tumtafute mlinzi wa usiku, kibarua wa msimu, na mama wa zamu ya Jumapili, tupige hesabu ya kila mmoja wao. Umoja usiomhesabu mnyonge hauna nguvu.

Maswali ya kujadili tawini:

1. Katika mkataba wetu, nani anafanya kazi saa ambazo wengi hawafanyi? Analipwaje?
2. Nani aliwaeleza wanachama masharti kabla ya kukubali, na kwa lugha gani?
3. Mkataba wetu unakwisha lini, na nini kitafuata?