MOTERE IKIZIMIKA, MAFUTA YANASIMAMA



Somo letu la leo linatuhusu sisi wote, hata yule ambaye baba yake hana motokari. Hapa Manika, na ngambo ya Dilala vilevile, motokari nyingi zimefika zikiwa zimekwisha kutumika Japani. Zinapita bandari ya Dar es Salaam, kisha mpaka wa Kasumbalesa, kisha zinapanda mpaka kwetu. Nyingi kati yao ziko na bwati otomatiki. Shofere hana ambreyaji ya kukanyaga; anaweka mkono wa vitesi kwenye D, na bwati yenyewe inabadilisha vitesi.

Lakini mazoea yetu yamebaki yale ya bwati ya mkono. Mtu akifika kwenye mtelemuko anatia N, akisema anachunga esanse. Motokari ikimufia njiani, anafunga kamba, anatia N, anavutwa mpaka garaji. Kwa bwati ya mkono, mara nyingi haileti matata. Kwa otomatiki, motokari iliyoharibika kitu kidogo inaweza kufika garaji na bwati iliyokufa kabisa. Juu ya nini?

1. Mafuta yanafika namna gani?

Ndani ya bwati ya mkono, meno yanakaa katika mafuta. Yakizunguka yanayarusha pande zote, hata kama motere imezimika.

Otomatiki iko ingine. Ndani yake mna meno madogo yanayozunguka jino la katikati, mna disike nyembamba zinazobanana na kuachana, na mna pampu. Pampu inasukuma mafuta kwa kazi tatu: kulainisha vipande, kuvipoza, na kubana disike ili vitesi ishike. Sasa shikeni neno hili, maana njo kiini cha somo: pampu hiyo inazungushwa na motere, haizungushwe na magurudumu. Kisima kinaweza kujaa maji, lakini kama hakuna mtu wa kusukuma mkono wa pampu, ndoo inabaki kavu.

Wengi wanafikiri N inaachanisha magurudumu na bwati. Sivyo. N inakata nguvu ya motere isifike ku magurudumu. Lakini magurudumu, yakizunguka, yanaendelea kuzungusha vipande vya ndani ya bwati.

2. Kuvuta kwa kamba

Unganisheni sasa mambo hayo mawili. Motere imezimika, basi pampu imesimama. Motokari inavutwa, basi vipande vya ndani vinazunguka. Vinasuguana bila mafuta mapya, vinapata moto, disike zinaungua, chuma kinakula chuma. Shofere hasikii kitu, kwa sababu moto uko ndani. Atajua paka siku ile motere itatengenezwa: atatia D na motokari haitatembea. Mafuta ya bwati, ambayo mara nyingi ni mekundu, yatakuwa meusi na kunuka sawa kitu kilichoungua.

Kusukuma motokari kwa mikono hatua chache ndani ya kiwanja hakuharibu kitu. Ubaya unakuja kwa mbio na kwa urefu wa njia. Vitabu vingine vya motokari vinaruhusu kuvuta, kwa mfano kilometa 50 tu na bila kupita kilometa 50 kwa saa. Vingine vinapunguza zaidi, na vingine vinakataza kabisa. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kilometa karibu 300. Kila mtu afanye hesabu yake.

3. Kutelemuka na N

Hapa motere inawaka, kwa hiyo pampu inafanya kazi. Lakini motere inapumua polepole tu, na pampu vilevile, wakati magurudumu yanakwenda mbio. Mafuta yanakuwa machache mbele ya kazi. Tena, chini ya mlima shofere anarudisha D ghafula: disike zinapaswa kushika vitu viwili visivyokwenda mbio moja. Siku moja si kitu. Kila siku, zinaisha upesi.

Na esanse je? Katika motokari za leo zenye injeksio, ukitelemuka ndani ya vitesi na kuondoa mguu kwenye gazi, motere inazungushwa na magurudumu, na esanse inakatwa. Ukitia N, motere inapaswa kunywa esanse ili isizimike. Basi yule anayefikiri anachunga esanse njo anayeimwanga.

Kuna jambo kubwa kupita bwati. Ndani ya vitesi, motere inasaidia kuzuia motokari. Katika N, uzito wote unabaki ku freni peke yake. Freni zikipata moto sana, zinaacha kushika. Tufikiri motokari iliyojaa watu na mizigo, ikitelemuka kuelekea daraja la Lualaba. Kamyo kubwa za migodi, zile za kubeba mawe, zinatelemuka ndani ya vitesi. Shofere wake anakatazwa kutia N. Kama sheria hiyo inachunga mawe, je, watu?

Aliyezima motere katika mtelemuko amezidisha hatari: pampu imesimama, freni na volani zinakuwa ngumu, na akiondoa ufunguo volani inaweza kujifunga.

4. Kusukuma ili iwake

Otomatiki ya leo haiwashwe kwa kusukumwa. Bila pampu hakuna nguvu ya kubana disike, basi magurudumu hayawezi kuzungusha motere. Wazee wanaosema waliwahi kuona ikiwaka si waongo: bwati fulani za zamani zilikuwa na pampu ya pili upande wa nyuma, iliyozungushwa na magurudumu. Watengenezaji waliiondoa baadaye. Leo batiri ikikufa, leta batiri ingine na nyuzi zake.

5. Tufanye nini?

a) Kwanza soma kitabu cha motokari. Kama hakuna, hesabu kwamba kuvuta kumekatazwa.
b) Motokari inayovutwa na magurudumu ya mbele, kama Toyota IST, inyanyuliwe mbele, ya nyuma yatembee.
c) Inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, inyanyuliwe nyuma, ao fundi aondoe kardani.
d) Ile ambayo magurudumu yote mane yanafanya kazi, ibebwe nzima juu ya kamyo.
e) Ikikwama katika matope wakati wa mvua na motere ni nzima, acha motere iwake, tia N, ivutwe polepole mpaka pakavu, basi.
f) Ku mtelemuko mrefu, baki ndani ya D, ao shuka ku vitesi ndogo (2 ao L).

Kubeba motokari juu ya kamyo kunaomba feza, ni kweli. Lakini shofere wa teksi anapaswa kumupa mwenye motokari feza ya kila siku. Bwati ikikufa, hakuna kazi, na nyumbani watoto wanaulizwa feza ya masomo. Wengi kati yetu tuko wale watoto. Tukirudi nyumbani mwisho wa juma, tuwaeleze wazee wetu kwa heshima, bila majivuno.

Maulizo ya kujipima

1. Katika bwati otomatiki, nani anazungusha pampu?
2. N inaachanisha nini na nini?
3. Motokari ya magurudumu ya mbele imekufa Fungurume, na mwenyewe anataka kuivuta kwa kamba mpaka Kolwezi. Utamushauri nini, na kwa sababu gani?